Mtoto wa miezi 8 kaandikiwa sildenafil, hii si ndo Viagra??

mama_wawili: Habarini wakuu. Mwanangu ana tundu kwenye moyo, jana kliniki daktari kasema presha ya mapafu imepanda akaandika sildenafil mara tatu kwa siku, nafika duka la dawa yule kaka kaangalia cheti akacheka eti "ya mtoto au ya baba?" Kugugo nakuta Viagra!! Na karatasi ya ndani ya boksi inasema kabisa sio ya walio chini ya miaka 18. Mama mkwe kasema nisithubutu. Nifanyeje jamani

Ngosha77: Ya wazee hiyo 😂😂 hama hospitali

mfamasia_mtaani: Ngosha acha utani mtoto anaumwa. Dada pole, dawa ni hiyohiyo na daktari hajakosea. Watafiti waliianza wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo, hayo ya kinababa yalijitokeza njiani. Inalegeza mishipa ya damu, ya mapafu hasa, ndo maana madaktari wa moyo wanawapa watoto miaka mingi tu. Ulaya iliruhusiwa 2011 kuanzia mwaka 1, Marekani wakasubiri mpaka 2023 ndo wakairuhusu, na kabla ya hapo 2012 walitoa onyo sababu kwenye utafiti watoto waliopewa dozi kubwa kwa muda mrefu walikufa zaidi. Kwa hiyo dozi ndo kila kitu. Wa miezi 8 hayupo hata kwenye kibali cha Ulaya, hapo daktari anatumia uzoefu wake na anapiga hesabu kwa kilo za mtoto, muulize akuandikie miligramu ngapi kila mara. Usimkatie kidonge cha 50 kwa macho!! Famasia ya hospitali wakutengenezee ya maji.

Bi_Mwanaidi: Wangu alitumia mpaka siku ya operesheni. Pua zilikuwa zinaziba na uso unapata moto, basi. Ila mwaya usije ukaiacha ghafla, sie tuliambiwa ikiisha wahi kabla ya wikiendi

mama_wawili: Kuacha ghafla inakuwaje?

mfamasia_mtaani: Presha ya mapafu inaweza kurudi kwa kishindo. Kuacha ni kwa daktari tu, anashusha kidogokidogo. Ukimwona midomo inakuwa ya bluu au analegea kimbiza hospitali usiku huohuo

mama_wawili: Asanteni sana, nesi wa kliniki kasema kesho niende famasia yao. Mama mkwe bado kanuna