Linda, lindo, zamu, doria, kesha: lipi liandikwe kwenye maelekezo ya walinzi?

Mhariri_Jinja
Naandaa maelekezo ya walinzi wa ghala la mpunga Butaleja, mashariki mwa Uganda. Walinzi wametoka Tororo, Masaka na Kisoro, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Rasimu ina "linda", "lindo", "zamu", "doria" na "kesha", na kila anayeipitia hubadilisha moja kwa jingine kana kwamba yote ni mamoja. Bango la getini nalo linasema LINDA HAPA. Je, maneno haya yana mipaka? Na "mlindaji" ni sahihi?

Kamusi_Tororo
Ndugu, anza na bango. Kwa msemaji wa Kiganda, kama wa Masaka, "linda wano" ni "ngoja hapa". Kulinda kwetu ni *okukuuma* kwake. Mtu wa Masaka akisoma LINDA HAPA atasimama asubiri kuitwa. Wa Kisoro hana tabu, kwao mlinzi ni *umurinzi*. Weka mabango mawili: MLINZI ASIMAME HAPA, kisha WAGENI WANGOJE HAPA. (Kiswahili chenyewe kiliwahi kuchanganya hizo mbili: "ngoja" ya zamani ilikuwa pia kulinda, ndiyo maana bawabu huitwa mngoja mlango.)

Mipaka ipo. Kulinda ni kuzuia kitu kisidhuriwe wala kuibwa, mchana au usiku, umesimama au unatembea. Lindo, wingi malindo, ni mahali pa kulindia na pia kazi yenyewe: yuko lindoni, ameacha lindo. Ulinzi ni mpango mzima, kwa hiyo usiandike "asiache ulinzi" ukikusudia asitoke mahali pake. Zamu ni mgao wa muda tu. Muuguzi ana zamu, mwosha vyombo ana zamu.

Doria ndiyo inayoharibu rasimu nyingi. Doria ni kuzunguka. Mlinzi anayepiga doria hayuko lindoni kwa dakika hizo. Ukimwambia mtu mmoja "asiache lindo" halafu "apige doria kila saa", umempa amri mbili zinazopingana, na siku magunia yakipungua atajitetea kwa ile inayomfaa. Wapange wawili, au sema wazi geti lifungwe kwanza.

Kukesha ni kutolala usiku kucha, basi. Mahujaji hukesha Namugongo, kwenye madhabahu ya Mashahidi wa Uganda, kuamkia 3 Juni na hawalindi kitu.

Mwalimu wa Sarufi
"Mlindaji" ataeleweka, ila neno lililozoeleka ni mlinzi. D ya "linda" hugeuka z mbele ya -i ya mwisho: penda, mpenzi, panda, mpanzi. Usiifanye sheria ya chuma, maana shinda imetoa mshindi. Kikifuata kitu kinacholindwa bila "wa", irabu a hubaki: mlinda mlango, mlinda ghala. "Mlinzi ghala" ni kosa. Ama mlinda ghala, ama mlinzi wa ghala.

Tena msimchanganye na mtunza stoo. Mtunza stoo ana funguo na daftari la magunia. Mlinzi ana tochi na rungu. Kutunza ni kuweka kitu katika hali nzuri, na panya na unyevu ni kesi ya mtunzaji.

Watangazaji wa mpira nao wana yao: mlinda mlango ni kipa, mlinzi ni beki, na kuotea, ambako asili yake ni kuvizia mafichoni, kumekuwa kosa la mshambuliaji.

Shambani_Doho
Maadamu ni mpunga, liko neno ambalo hamjalitaja: kuamia, yaani kulinda mazao yasiliwe na ndege. Anayeamia hukaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa, na kombeo au debe la kugonga. Kazi hushika punje zikiwa bado maziwa, maana ndege huzifyonza likabaki ganda. Alfajiri na jioni ndipo ndege huja kwa wingi. Kwa ghala neno hilo halifai.

Epukeni pia "chunga". Ni kuchunga ng'ombe, ni kujihadhari, na ni kuchekecha. "Chunga unga" kwa mlinzi ni amri ya ulinzi, kwa mpishi ni kushika chekeche.

Na saa: msiandike 6:00. Andikeni saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi.

Mhariri_Jinja
Nimeandika upya: "Zamu ya usiku, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi: walinzi wawili. Mmoja abaki lindoni getini, wa pili apige doria kuzunguka ghala kila saa, kisha wabadilishane. Asiondoke mtu lindoni mpaka mwenzake wa mchana afike."

Kamusi_Tororo
"Afike" haitoshi. Anaweza kufika akaenda kunywa chai. Andika "mpaka mwenzake apokee lindo na kutia sahihi kwenye daftari la matukio".