Mtoto katanguliza matako wiki ya 36, naombeni mnieleweshe

MamaKijacho
Habarini wapendwa, toka jana sijalala. Mimba ya kwanza hii, wiki ya 36, altrasaundi inaonyesha mtoto katanguliza matako. Kichwa kiko juu huku chini ya mbavu za kulia, nikiweka mkono nakisikia, kigumu cha duara, nikikisukuma kinachezacheza, na mateke yote yanapigwa chini kwenye kibofu. Daktari alikuwa na foleni ndefu akaniambia tu kuna kugeuza, kuna oparesheni na kuna kuzaa hivyohivyo, kafikirie urudi. Sasa nafikiriaje kitu nisichokijua? Kugeuza kunauma? Mtoto haumii? Na kuzaa hivyohivyo kweli inawezekana?

MkungaZamuYaUsiku
Pole dada, na ujue hujakosea kitu, si kulala vibaya wala kuinama. Mimba zikishakomaa, watoto kama 3 au 4 kati ya 100 wanakuwa bado wamekaa hivyo.

Kugeuza ni kwa mikono juu ya tumbo, daktari anayanyanyua matako yatoke kwenye nyonga halafu anamzungusha mtoto taratibu kama anayepiga kichwangomba. Mara nyingi unachomwa kwanza sindano ya kulegeza kizazi, na mapigo ya mtoto yanapimwa kabla na baada. Karibu nusu wanageuka, mimba ya kwanza kama 4 kati ya 10. Kufanyike hospitali yenye thieta, sababu kama mara 1 kati ya 200 inabidi mtoto atolewe kwa haraka. Kama kondo limeziba njia, au chupa imeshapasuka, hawagusi. Na kama damu yako ni grupu la negative waambie mapema, kuna sindano yake.

Kuzaa hivyohivyo inawezekana ila hapo niseme ukweli. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi 26 ukaonyesha oparesheni ya kupangwa ni salama zaidi kwa mtoto, hospitali nyingi zikaacha kabisa. Baadaye walipowafuatilia watoto walipofika miaka miwili tofauti haikuonekana, lakini ujuzi ulikuwa umeshapotea, wapo madaktari wazuri tu ambao hawajawahi kumpokea mtoto wa matako hata mmoja. Kwa hiyo usiulize "inawezekana?", uliza nani atakuwa zamu siku hiyo na ameshawapokea wangapi. Halafu miguu imekaaje? Ikiwa imenyooka juu kuelekea usoni ni afadhali, ila mguu ukitangulia chini, kitovu, yaani ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo, kinaweza kuteleza kikatoka kabla ya mtoto, hiyo ni hatari.

MamaWawili
Mi niligeuziwa mimba ya pili. Sikudanganyi mpenzi, kunabana, kuna sehemu nilimshika nesi mkono nikaacha alama za kucha, ila ni dakika chache na ukisema basi wanaacha. Niliona tumbo limekuwa pana huku na huku, mtoto kalala mkingamo, halafu ghafla likachongoka tena. Usiku ule mateke yakahamia juu, nililia kwa furaha.

Tausi_K
Wangu aligoma, walijaribu mara mbili. Tukapanga oparesheni wiki ya 39, wakapima tena asubuhi ileile maana wengine hugeuka wenyewe dakika za mwisho. Kidonda kilinisumbua kucheka na kukohoa wiki mbili hivi. Kama unataka watoto zaidi ongea nao kuhusu kovu, maana linaingia kwenye hesabu za mimba zijazo. Na mtoto akishazaliwa apimwe viungo vya nyonga, waliokaa hivi huwa vinalegea zaidi, wangu alipigwa altrasaundi akiwa na wiki 6.

MamaKijacho
Jamani asanteni mno, nimepumua. Nimerudia karatasi yangu, miguu imenyooka juu, kondo liko juu. Jumatatu naenda na mume wangu tujaribu kugeuza, ikishindikana naomba tarehe ya oparesheni, sababu nimepiga simu kuulizia hilo la zamu na hakuna aliyenijibu moja kwa moja.

MkungaZamuYaUsiku
Vizuri. Ila chupa ikipasuka kabla ya hapo usisubiri Jumatatu, nenda saa hiyohiyo hata kama uchungu haujaanza. Na ukiona au ukihisi kitovu kimetoka, piga magoti, kifua chini makalio juu, ukae hivyohivyo mpaka msaada ufike, usikirudishe ndani.