Nipeni waandishi, wahakiki na wanamuziki wa kuwatafuta mtandaoni, ila siyo wale ambao kila mtu anawajua

Mzee_wa_Beti
Wakuu habari za muda huu. Nimechoka kuletewa vitu vilevile kila siku, nikisikiliza wimbo mmoja wa taratibu basi wiki nzima ni nyimbo za taratibu, nikisoma makala moja ya mpira nishakuwa mtu wa mpira. Nyie mnawafuatilia akina nani? Nataka mwandishi ambaye ukigusa aya ya kwanza hubanduki, mhakiki anayekupeleka kwenye kitu ambacho mwenyewe usingekigusa, na mwanamuziki ambaye ukimtaja watu wanauliza ndo nani huyo. Vya bure vitangulie tafadhali. Na mseme kwa nini, jina tupu halinisaidii kitu.

Kasuku_Mweusi
Mkuu mtafute Hailu Mergia halafu uje unishukuru. Ni Mhabeshi, mpiga kinanda wa Walias Band enzi za miaka ya 70, bendi ikaenda Marekani kupiga shoo, wenzake wengine wakarudi yeye akabaki. Mwaka 1985 akaingia studio peke yake na kodiani, vinanda vya umeme na mashine ya kugonga ngoma, akatoa kaseti moja hivi, Shemonmuanaye, halafu kimya. Akawa dereva teksi Washington miaka kibao, ila kinanda anacho kwenye buti, akiwa kwenye foleni ya kusubiri abiria uwanja wa ndege anakitoa anafanya mazoezi humohumo kwenye gari. Sasa kuna jamaa anaitwa Brian Shimkovitz, tangu 2006 anaendesha blogu ya kaseti za Kiafrika, Awesome Tapes From Africa, akaiokota ile kaseti huko Ethiopia, akamsaka mzee, na 2013 ikatolewa upya. Mzee akarudi jukwaani, 2018 akashusha albamu mpya kabisa. Ukisikiliza ile ya 85 zingatia kodiani inavyoburuza sauti juu ya ile ngoma ya mashine isiyobadilika, yaani unahisi kitu cha kale sana na cha kesho kwa pamoja. Halafu blogu yenyewe usiiache, kuna wanamuziki humo sijawahi kuwasikia popote pengine.

Bint_wa_Kurasa
Mimi upande wa muziki nawaachia nyie. Kusoma, anza na toleo la tafsiri la 2016 la Jalada, jarida la mtandaoni la waandishi wa Kiafrika. Kuna hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o humo, aliiandika kwa Kigĩkũyũ, inaeleza ilikuwaje binadamu akaacha kutembea kwa miguu minne akasimama, mikono na miguu wanashindana nani mkubwa. Imeshatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100, Kiswahili kimo, na ni bure. Ni fupi, unaimaliza kwa kikao kimoja, ila utamu wenyewe ni kufungua lugha mbili unazozijua ukaziweka sambamba, hapo unaona mtafsiri gani anacheka na gani amenuna.

Ukitoka hapo soma makala ya Binyavanga Wainaina ya 2005 kwenye jarida la Granta, ile anayotoa ushauri wa kejeli jinsi ya kuiandika Afrika. Inauma huku unacheka. Yeye ndiye aliyeshinda Tuzo ya Caine 2002, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, na kuanzisha jarida la fasihi la Kwani?, kwa hiyo ukimfuata yeye unakutana na kundi zima la waandishi.

Na kwa wanaosoma Kiswahili tu: Kezilahabi jamani. Mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yaliwafanya wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, wapandwe na hasira miaka ya 70, ukiyasoma leo unashangaa ugomvi ulikuwa wa nini.

Ngumu_Kumeza
Mhakiki wa nini sasa? Masikio ninayo, macho ninayo. Mtu akae aniambie nipende nini?

Fundi_Redio
@Ngumu_Kumeza hakwambii upende nini bwana, anakwambia kipo. Mtafute Robert Christgau, Mmarekani, anahakiki albamu tangu 1969, anazipa alama kama mwalimu mkali, enzi za mwanzo zilianzia A+ mpaka E-, aya moja fupi imekwisha. Tovuti yake iko wazi, unatafuta kwa jina la msanii. Mimi nabishana naye nusu ya muda, na ndo faida yake hiyo, ukishajua mnapishana wapi hata akiponda kitu unajua wewe utakipenda. Na huyu tofauti na wengi wa rika lake alisikiliza muziki wa Afrika kwa dhati, ukipekua utakuta albamu za Kongo, Senegali, Afrika Kusini, anazijadili kwa uzito uleule.

Upande wa filamu kuna Roger Ebert, mhakiki wa kwanza wa filamu kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, 1975. Ugonjwa ukamnyang'anya sauti 2006, na mimi naona maandishi yake bora ni ya baada ya hapo, mpaka alipofariki 2013. Soma zile anazomsifia mtu, siyo zile za kuponda ambazo watu wanapenda kuzisambaza.

Mzee_wa_Beti
Mergia niko naye sasa hivi masikioni aisee, huyu mzee alikuwa wapi siku zote. Wa zamani zaidi hamna? Wa santuri kabisa.

Kasuku_Mweusi
Siti binti Saad. Yeye na kundi lake walienda Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na baadhi zimepandishwa mtandaoni. Mikwaruzo ni mingi, vaa hedifoni, mara ya kwanza utasikia mikwaruzo tu, mara ya pili sikiliza fidla inavyomjibu kila akimaliza mstari. Kisha tafuta wasifu wake alioandika Shaaban Robert, hapo unapata mwanamuziki na mwandishi kwa mkupuo mmoja.

Bint_wa_Kurasa
Hicho kitabu ukikipata kwanza soma ndo usikilize. Ukigeuza, utarudia kusikiliza tena, nakwambia.