Naomba ushauri: neno "puke" lina ubaya gani kwenye faili la mgonjwa?

Mwanafunzi wa Uuguzi, Dodoma: Ndugu wanajukwaa, salaam. Niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika wodi ya watoto hapa mjini. Juzi usiku alipokelewa mtoto wa miaka 2 kutoka Bahi, na mama yake akanieleza kwamba ametapika mara 3 tangu jioni, nami nikaandika "puked 3 times", neno nililolizoea kwenye filamu. Asubuhi daktari alilikata kwa kalamu nyekundu, akaandika "vomited" juu yake, kisha akapita kwenye kitanda kinachofuata bila kusema lolote. Je, niliandika tusi?

Mwalimu Mstaafu, Kongwa: Binti yangu, si tusi, ni neno la maongezi. Maana yake ni kutapika, na likiwa nomino ni matapishi yenyewe. Wala si la juzi, maana Shakespeare alilitumia zaidi ya miaka 400 iliyopita katika tamthilia ya "As You Like It", alipomtaja mtoto mchanga anayelia na kutapika mikononi mwa yaya. Siku hizi limebeba kinyaa, kiasi kwamba mtu anaweza kulitamka akiwa mzima kabisa, kwa kuwa tu amechukizwa na jambo. Hospitalini andika "vomit", lenye asili ya Kilatini.

Zabibu Chungu: Ukizungumza na mgonjwa, "throw up" inatosha. Jihadhari na "was sick": Mmarekani kwa kawaida humaanisha aliumwa, ilhali Mwingereza mara nyingi humaanisha alitapika. Nikiwa Uingereza, mwenyeji wangu aliniambia hivyo kuhusu mwanawe aliyekuwa garini, nami nikampa pole ndefu na kuuliza kama amepelekwa kwa daktari, kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia kiti.

Mwanafunzi wa Uuguzi, Dodoma: Shikamoo Mwalimu, nashukuru, nawe Zabibu, ahsante. Je, kichanga anayecheua maziwa baada ya kunyonya, naye niandike "vomit"?

Muuguzi wa Zamu: Hapana, mdogo wangu. Anayecheua hutoa maziwa kidogo tu, bila tumbo kusukuma, na kwenye faili tunaandika "regurgitated". Ukiandika "vomit", mtoto asiyeumwa anaweza kuchomwa sindano za vipimo bure. Akitapika kweli, andika idadi, kiasi na rangi. Kichanga akitapika kijani, usisubiri raundi ya asubuhi, mwite daktari saa hiyo hiyo.