Fulana za mitumba kwa rangi za Halloween: machungwa na zambarau zinatoa tope

MamaPacha
Habari wadau. Niko Ohio, Marekani, nina fulana kumi za mitumba za kutia batiki ya kufunga kabla ya sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba: saba nyeupe, tatu nyeusi. Rangi ni za unga, aina ya Procion MX ya kutia pamba: machungwa, zambarau na nyeusi. Mbili za majaribio nilizitilia kostiki (soda kali) na haidro (sodiamu haidrosalfaiti) kama batiki za nyumbani. Moja imepauka yote. Nyingine, machungwa na zambarau zilipokutana pametoka tope, na nyuzi za mshono zimebaki nyeupe pee. Nakosea wapi? Na hizo nyeusi zinafanyikaje?

FundiRangi
Dada, mchawi wako ni haidro. Kazi yake ni kwenye rangi za vati, zile za batiki za nyumbani: inaiyeyusha rangi iingie kwenye kitambaa, kisha hewa inairudisha. Procion haitaki hayo. Haidro inaivunja rangi yenyewe, ndiyo maana huko Marekani inauzwa pia kama dawa ya kung'oa rangi kwenye nguo. Kostiki nayo ni kali bure. Weka vyote kabatini.

Unachohitaji ni soda ashi, ndugu yake magadi. Ukiikosa, nenda maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea, uliza ile ya kupandisha pH. Pakiti iseme sodiamu kaboneti tupu. Bikaboneti ya mandazi haina nguvu ya kutosha.

Kikombe kimoja kwa lita 4 za maji ya vuguvugu, glavu mkononi. Loweka dakika 20, kamua mpaka isidondoke hata tone, funga, ndipo umwage rangi. Ikibaki chepechepe rangi zinakimbiliana. Kwa kila ml 240 za maji: machungwa vijiko 2 vya chai, zambarau 3, nyeusi 6. Ukibania nyeusi unapata kijivu. Vaa barakoa unapokoroga unga. Soda usiitie kwenye chupa ya rangi, rangi itakufa ndani ya saa chache.

Kisha mfuko wa nailoni, saa 24, joto lisishuke chini ya nyuzi 21. Gereji ya Ohio mwezi wa kumi haifai, weka ndani. Suuza kwa maji baridi kabla ya kufungua, halafu maji ya moto na sabuni mpaka yatoke meupe.

Kitambaa_Pamba
Mshono mweupe hauna dawa: uzi ni polyesta, na Procion haishiki polyesta. Kwa sababu hiyo hiyo fulana ya pamba na polyesta nusu kwa nusu itatoka imefifia. Mitumba mingi lebo imekatwa, basi chomoa uzi kwenye pindo la ndani uuchome. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Polyesta inayeyuka na kuacha punje ngumu.

Fua kwanza kwa maji ya moto, sabuni na kijiko cha soda ashi, bila dawa ya kulainisha nguo. Mitumba imebeba mafuta na manukato ya kwapa, na hapo rangi inateleza. Sehemu hizo zipe nyeusi.

Tope: machungwa ni njano na nyekundu, zambarau ni nyekundu na bluu. Zikikutana, zote tatu zimo, na hiyo ni kahawia. Kijani na machungwa hali ni ileile. Weka nyeusi katikati, au acha nafasi ya vidole viwili bila rangi. Usisahau kugeuza upande wa pili: rangi ikiishia juu, ukifungua unakuta mabaka meupe ndani ya mikunjo.

JikiNaKamba
Fulana nyeusi ndizo rahisi kuliko zote, na hazitaki rangi. Funga ikiwa kavu, nyunyizia jiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, nje penye hewa. Pamba nyeusi nyingi hupauka kuelekea rangi ya kutu, machungwa ya Halloween yenyewe. Dondoshea tone pindoni kwanza, maana nyingine hazitoki kabisa.

Dakika 5 hadi 10 tu, ukichungulia. Ikipita hapo, miezi miwili baadaye kitambaa kinachanika kama karatasi. Suuza sana, kisha loweka dakika 10 kwenye haidrojeni peroksaidi ya 3%, sehemu moja kwa kumi za maji, kuua jiki iliyobaki. Siki HAPANA: ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Haidro yako nayo ikae mbali na ndoo hiyo. Fulana yenye spandeksi (nyuzi za kuvutika) iache, jiki inakula ule mvutano.

MamaPacha
Asanteni sana. Moja tu: rangi nyeusi inaacha ukingo wa bluu pembeni. Ni pakiti mbovu?

FundiRangi
Hapana. Nyeusi ya Procion ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kila moja inasafiri kwa mwendo wake kwenye maji. Kamua zaidi, mwaga kidogo kidogo ukiikandamiza chupa kwenye mkunjo. Watu wengine wanaupenda huo ukingo, wanauacha.