Wauza kadi za grafiki hapa mjini, mbona hamuulizi mteja ana bodi gani?

Wadau, nina hasira na sitaificha. Duka moja pale Luthuli, Nairobi, limeniuzia kadi ya grafiki (ile inayotoa picha kwenye skrini) ya kutia kwenye kompyuta ya ofisini, hizi za mtumba kutoka Uingereza ambazo ndizo wengi wetu tunazimudu. Nilimwonyesha muuzaji modeli ya mashine kabla sijatoa hela. Jibu lake: "Bosi, hii inakubali mashine zote, mradi iingie kwenye sloti."

Mradi iingie! Sloti ya PCI Express x16, yaani tundu la kuchomekea kadi, ya bodi (sakiti kuu ya kompyuta) ya 2010 na ya bodi ya juzi zina umbo lile lile, kwa hiyo lazima kadi itaingia. Nikawasha: feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Fundi wa mtaani kwetu akafunga pawa saplai yake kubwa kwenye bodi yangu, giza bado. Kadi hiyo hiyo akaitia kwenye mashine mpya, picha ikatoka papo hapo. Bodi yangu ni ya BIOS ya zamani, ile programu ya kuwashia mashine, na kadi nyingi za sasa hutegemea UEFI, mrithi wa BIOS, ili zionyeshe picha mashine inapowaka. Bodi nyingine hupona ukisasisha BIOS. Yangu tayari ina toleo la mwisho.

Lakini kilichonichoma zaidi ni ile adapta. Pawa saplai za mashine hizi mara nyingi hazina waya wa pini 6 wa kadi. Badala ya kuniambia "hii haikufai", muuzaji alinitolea adapta ya kugeuza waya wa SATA, ule wa kulisha diski umeme, kuwa pini 6, na akanitoza pesa zaidi. Haya, pigeni hesabu. Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75. Pini 6 huruhusu kadi ivute 75 nyingine. Kiunganishi cha SATA kimeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kadi ikivuta zaidi ya hapo kupitia kiunganishi hicho, plastiki inaweza kuyeyuka, hata ikashika moto, na watu wamelala ndani. Vitu hivi vimetundikwa madukani kama peremende!

Niliporudi nikaonyeshwa karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Mimi modeli nilitaja. Angeuliza tu kama bodi ina UEFI, pawa saplai ni ya wati ngapi na ina waya gani, kasha ni pana au jembamba. Kwa upande wa umeme, kuna kadi kama GT 1030 inayokula wati 30 hivi bila waya wa ziada. Hiyo hakuitaja kabisa, maana bei yake ni ya chini.

Nyinyi wauzaji mnaosoma hapa, hizo adapta za SATA ziondoeni. Na aliyewahi kurudishiwa pesa yake kwa kesi kama hii, aniambie alianzia wapi: dukani au kwa wakili?