Mjadala: Je, ni haki kampuni kuuza nafasi katika mahandaki ya kujikinga na vita vya nyuklia?

Hoja ninayoipinga ni kwamba kampuni binafsi ziachwe zijenge mahandaki haya na kumuuzia nafasi yeyote mwenye uwezo, kwa kuwa zinajenga haraka na kwa ubora kuliko serikali. Kuhusu kasi sina ubishi. Ubora ndio unaonitia shaka, kwa sababu kasoro ya kichujio cha hewa au ya mlango wa zege inaweza kugundulika siku ambayo hakuna tena mahakama ya kupokea malalamiko wala kampuni ya kushtakiwa.

Tazameni handaki la Sonnenberg mjini Luzern, Uswisi, lililokamilika mwaka 1976 ili kuhifadhi watu 20,000. Zoezi la mwaka 1987 lilifichua matatizo makubwa ya kuliendesha, na baadaye uwezo wake ukapunguzwa hadi watu 2,000. Udhaifu huo ulijulikana kwa kuwa handaki lilikuwa mali ya umma na lilijaribiwa. Kampuni inayoishi kwa kuuza nafasi ina sababu gani ya kutangaza matokeo ya namna hiyo?

Isitoshe, hofu hukuzwa ili kuuza anasa ya kuishi chini ya ardhi kwa miaka, ilhali mavumbi ya mionzi huwa hatari zaidi siku za mwanzo: kwa makadirio ya kawaida, mionzi iliyopimwa saa 1 baada ya mlipuko hubaki sehemu 1 ya 100 baada ya siku 2 hivi, na sehemu 1 ya 1,000 baada ya wiki 2. Kwa hiyo chumba cha chini ya ardhi chenye kuta nene, maji na chakula cha wiki chache kinaweza kuokoa watu wengi walio mbali na kitovu cha mlipuko. (Njaa itakayofuata iwapo moshi utazuia jua na kuharibu mavuno ni balaa jingine.)

Kinga ya aina hiyo inaweza kuwafikia wote. Tangu miaka ya 1960 sheria ya Uswisi imewadai wanaojenga nyumba kuandaa mahali pa kujikinga, au kuchangia mahandaki ya umma, na nchi nzima ina nafasi zinazotosha wakazi wake.

Wanaotetea biashara hii naomba wajibu jambo moja: mlango ukishafungwa, nani atahakikisha mkataba unatekelezwa, na aliyeachwa nje atamdai nani?